Sekunde Arobaini za Giza

Uvimbe wa kumi na tisa umekufa ganda tu.
Nimeupasua katikati, nikauweka chini ya hadubini:
pembeni weupe wa majivu, chembe zimeraruka,
na ndani, palepale, kiini
kizima, kimenuna kama mpangaji anayedaiwa kodi
aliyesikia hodi akanyamaza.

Dawa yetu imelala mpaka taa nyekundu iiguse.
Ikiguswa huamka na hasira,
hunyakua hewa iliyo jirani, ikaifanya kisu.
Dawa, mwanga, oksijeni: mafiga matatu.
Na katikati ya uvimbe figa moja halipo.
Damu haifiki huko. Chembe zimezoea ukata,
zinaishi kwa pumzi ya kukopa,
nasi tunamulika, tunamulika,
kisu hakina chuma cha kufuliwa.

“Ongeza mwanga,” alisema Dokta Ng'wigulu.
Nikaongeza.
Ngozi ya panya ikaungua. Kiini kikabaki.

Masalu ni fundi cherehani wa Mabatini.
Alizaliwa ngozi yake haina kivuli cha kwake,
kofia ameishona mwenyewe, ukingo mpana kama ungo.
Nyuma ya sikio la kushoto pana kidonda
kilichoanza kama punje ya mtama;
kisu cha daktari kimeshapita mara mbili, nacho kimerudi.
“Jua ndilo lililoniandika hapa,” aliniambia,
“nanyi mnataka kunifuta kwa taa?”
Akacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi nilikwenda Luchelele
kwa kaka yangu Bahitwa, mfuga sato.
Usiku ule ziwa lilikuwa limejigeuza:
maji ya chini, mazito, yasiyo na hewa, yamepanda juu,
na kizimba cha kwanza kilikuwa cheupe kwa matumbo.
Harufu sitaisema.
Kizimba cha pili wagonjwa, lakini hai.
“Hao sikuwalisha jana,” alisema, “chakula kiliisha.
Samaki aliyeshiba anahema sana.
Maji yakiwa yamechoka hivi, ukiwamwagia chakula
unawaua kwa ukarimu.”

Neno hilo nilipanda nalo mlimani,
kati ya mawe yaliyobebana na nyumba zilizobebwa na mawe,
hadi kwenye maabara yenye feni moja.
Ukarimu!
Taa yetu ndiyo iliyokuwa karimu mno:
inakula hewa upesi kuliko damu inavyoileta,
kisha inaendelea kuwaka mbele ya sahani tupu.

Basi tukaipunguza, tukaifundisha adabu ya mgeni.
Washa, sekunde ishirini.
Zima, sekunde arobaini.
Ngoja damu ijipenyeze kwenye vichochoro vyake,
ilete hicho kidogo ilichonacho.
Washa tena.
Saa nzima na ushee hivyo, panya amelala usingizi wa sindano,
Kulwa, mwanafunzi wetu, anasinzia juu ya daftari,
na mimi gizani nahesabu kwa Kisukuma
kwa sababu ndiyo hesabu ya mama, haina haraka.
Sikujua kwamba giza nalo ni kipimo cha dawa.

Uvimbe wa ishirini na tatu: kiini kilichokuwa harage
sasa ni punje ya mchele.
Dokta alitaka niandike “kimeangamia.”
Nimeandika “kimepungua,” nikapiga mstari chini.
Punje ya mchele huota, kama ile ya mtama.

Jana Masalu alikuja kubadilisha bandeji.
“Lini?” aliuliza.
“Bado ni panya,” nikamjibu.
“Wana bahati panya,” akasema,
akavaa kofia, akashusha mikono ya shati hadi vidole.
Uwanja wa hospitali ulikuwa unawaka.
Hakutoka. Alisimama kizingitini, shingo juu,
akilipima wingu dogo lililokuwa likitoka upande wa ziwa.
Lilipolifunika jua akavuka,
bila kukimbia, kama mtu anayejua kiasi alichopewa,
nami, sikukusudia, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu:
thelathini na nane,
thelathini na tisa.